Kuhusu Berlin ya Iowa

Rafiki yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Uliniuliza kama kweli kulikuwa na mji wa Berlin katika jimbo la Iowa, Marekani, kwa kuwa kile cheti chako cha kwanza kinautaja. Usikitilie shaka. Berlin ilikuwapo katika kaunti ya Tama na ipo mpaka leo, ila tangu 1918 inaitwa Lincoln. Marekani ilikuwa vitani na Ujerumani, na jina la Kijerumani likawa mzigo. Mwaka huohuo New Berlin ya Ohio ikawa North Canton, na Germantown ya Nebraska ikaitwa Garland kwa kumkumbuka askari wa hapo aliyefariki katika vita hivyo. Berlin ya Michigan ikafuata 1919, ikajiita Marne, mto wa Ufaransa uliopiganiwa vikali. Lakini usiifanye kanuni, maana Berlin ya Wisconsin na New Berlin ya Illinois hazikuguswa.

Watu husema sana habari za vita. Kwa maoni yangu, posta ilibadili majina mengi kuliko vita. Mwenye ardhi alimwita mpima, ikachorwa ramani ya viwanja, ikasajiliwa katika ofisi ya kaunti kwa jina alilolipenda mwenyewe, na hakuna aliyemzuia. Taabu ilianza wakazi walipoomba posta. Idara ya Posta ya serikali kuu, huko Washington, haikutaka posta mbili za jina moja ndani ya jimbo moja, kwani barua zingepotea. Majimbo mengine hayakuhesabiwa, ndiyo maana utaikuta Springfield Illinois, Ohio na Missouri. Santa Fe ya Indiana iliomba posta 1856 ikakataliwa, kwa kuwa jimbo lilikuwa na nyingine tayari. Wakaishia kuitwa Santa Claus. Kwingine mji ulibaki na jina lake na posta ikapewa jingine. Middletown ya kaunti ya Champaign, Illinois, ilipata posta kwa jina la Mahomet, na baadaye mji wenyewe ukalifuata.

Reli nayo ilikuja na yake. Magharibi ya Lincoln, Nebraska, kampuni ya reli ilipanga stesheni kwa alfabeti: Crete, Dorchester, Exeter, Fairmont, Grafton, Harvard, Inland, Juniata, Kenesaw, Lowell. Fungua ramani uzifuate kwa kidole. Mimi hunifurahisha kila mara. Elkader ya Iowa ina asili tofauti kabisa: waanzilishi wake waliipa 1846 jina la Amir Abdelkader, aliyekuwa akipigana na Wafaransa kule Algeria.

Sasa kazi yako. Anza na kaunti na mwaka, jina lije baadaye. Angalia pia kama mipaka ya kaunti ilihamishwa baada ya mwaka huo. Kisha omba maikrofilamu (filamu zenye picha ndogo za nyaraka) za Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, namba M841, orodha ya uteuzi wa wakuu wa posta kuanzia 1832. Zimepangwa kwa jimbo, kaunti, kisha posta, na jina likibadilika utaona limeandikwa papo hapo pamoja na tarehe. Ukitaka kujua posta ilisimama wapi hasa, tazama maikrofilamu namba M1126: mkuu wa posta alijaza umbali wa kufika mtoni, kwenye reli na kwenye posta za jirani, mara nyingi akachora na ramani. Mwisho nenda kwa msajili wa kaunti ukalinganishe na ramani ya viwanja.

Tahajia itakusumbua. Bodi ya Majina ya Kijiografia, iliyoundwa 1890, ilitaka -burgh iandikwe -burg na Centre iwe Center, hivyo tafuta kwa namna zote mbili. Jihadhari pia na tarafa (township), yaani sehemu za kaunti. Washington Township zimejaa Iowa na Indiana, na cheti kikisema mtu alizaliwa „Washington" tu, huenda ni tarafa, si mji. Tena posta ikitoweka orodhani baada ya 1896, usidhani mji ulihamwa. Ndipo barua zilipoanza kupelekwa hadi mashambani, na posta nyingi ndogo zikafungwa.

Nitumie jina la kaunti ya kile cheti cha pili, pamoja na mwaka wake, tukifuatilie.

Wako,
Zuhura