Vijana wa barazani, kura ya mke si yenu

Wanangu, assalaamu alaykum.

Dirisha langu linatazama baraza yenu, na mazungumzo yenu ya jioni hunifikia hata nisipotaka. Juzi nimemsikia mmoja wenu akiapa kwamba mkewe akipigia chama kingine, siku hiyo hiyo atampa karatasi yake ya talaka. Wenziwe wakamuunga mkono. Sikulala.

Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar, wa viti sita mwaka 1957, ulikuwa wa wanaume peke yao. Nimekua nikiwasikia wazee wakisema mwanamke ana mumewe wa kumsemea, kituoni anakwenda kufanya nini? Wanawake walipiga kura Januari 1961. Mama yangu alikuwamo kwenye foleni, nami nimeshika ncha ya buibui lake. Uchaguzi ule ule, jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. Moja tu, wanangu.

Nyinyi hamsemi asipige. Mnasema apige, ila alama aiweke mnapotaka nyinyi. Basi hapo amepiga nani? Mume amepiga mara mbili, na mke amebaki kule kule walikomwacha wazee wa 1957.

Mnaitaja dini, na mimi naipenda dini yangu, kwa hiyo tuitaje yote. Katika baia ya pili ya Aqaba, yaani kiapo cha utii ambacho watu wa Madina walimpa Mtume, pamoja na wanaume zaidi ya 70, walikuwamo wanawake wawili: Nusayba bint Kaab na Asma bint Amr. Sura ya Mumtahina, aya ya 12, inamwelekeza Mtume apokee ahadi ya wanawake waumini wanapomjia wao wenyewe. Waume zao hawakutajwa. Kumtii mume kuna mahali pake, wala silipingi hilo. Kura ni ushahidi, na ukimlazimisha mtu ushahidi, utakayeulizwa ni wewe.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 ziliripotiwa talaka zaidi ya 40 visiwani kwetu kwa sababu hii. Kura zenyewe zilifutwa tarehe 28 mwezi ule ule. Talaka hazikufutwa. Mmoja wa wanawake hao namjua. Alirudi kwao na watoto watatu, godoro juu ya mkokoteni. Mumewe alimuuliza amempigia nani, naye akasema kweli, maana hakuzoea kumwongopea. Ukweli wake ndio uliomponza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Siku ya kura baki wewe na watoto, yeye atangulie mapema kabla jua halijawa kali. Akirudi mpokee, usimuulize kitu. Na kama yumo kati yenu aliyekwisha kutoa talaka rejea, ile ya kuweza kurudiana, na eda bado haijaisha, agonge mlango wangu saa yoyote. Nitavaa buibui langu twende pamoja kwa wakwe zake.

Bibi yenu wa dirishani