Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Wanyama Wasio na Uti wa Mgongo

Ndugu wanachama, Assalaam aleikum.

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya shughuli za chama chetu cha wapenda viumbe hai kwa mwaka uliomalizika. Zile za kawaida mnazijua: mihadhara ilifanyika kila mwezi isipokuwa Ramadhani, ufukwe ulisafishwa mara mbili, skuli tatu zilitembelewa, na wenzetu wawili waliofiwa walipelekewa ubani. Orodha kamili anayo Katibu.

Niingie basi kwenye suala la hadubini, maana najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo, na laiti mihadhara ingejaza viti kama mkutano huu. Inasemwa kwamba nilichukua fedha za safari ya mbuga ya wanyama ya Mikumi nikanunulia chombo cha kuchungulia wadudu. Uamuzi huo ulipitishwa na kamati ya utendaji katika kikao chenye akidi, wajumbe wanne kati ya saba, na kura tatu ziliunga mkono. Kwamba moja kati ya hizo tatu ni yangu hakubadilishi hesabu. Ama kuhusu chombo hicho kukaa nyumbani kwangu, sababu ni kwamba kabati la ukumbini halikuwa na kufuli, jambo nililolieleza mara nyingi kwa wachache waliokuwa wakihudhuria.

Mwenzetu mmoja aliandika kwenye kundi letu la simu kwamba tumeacha simba tukaenda kutazama tone la maji. Naomba nimjibu kwa tone hilohilo. Jioni ya mhadhara wa nne tuliletewa chupa ya maji kutoka kituo kimoja cha kuzalisha vifaranga vya jongoo bahari, yule mnyama laini mwenye umbo la tango aishiye chini ya bahari. Mletaji alitueleza jinsi wazazi wanavyotiwa katika maji yaliyopashwa moto nyuzi chache tu, nao huinua sehemu ya mbele ya mwili na kuyumbayumba, madume wakitoa mbegu zinazosambaa majini kama moshi, kisha majike wakimwaga mayai, ambayo kwa jike mmoja mkubwa huweza kupita milioni moja. Tulipoweka tone chini ya hadubini, tuliona kiumbe kidogo kuliko punje ya mchele, kinachopitisha nuru kama kioo, kimezungukwa na mkanda wa vinyweleo uliojikunja mfano wa ukingo wa sikio, na chakula kikionekana waziwazi tumboni mwake. Kilikuwa na upande wa kulia na upande wa kushoto, kama mimi na nyinyi. Baada ya wiki mbili hivi kiumbe hicho hugeuka kuwa mfano wa pipa, kisha huota vishikio vitano mdomoni, hutua chini na kuanza maisha ya jongoo.

Huyo simba angetufundisha nini kuhusu jambo hili? Jongoo bahari na kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ambao wakikua miili yao hupangika kwa sehemu tano, huanza maisha wakiwa na pande mbili, na hiyo ni mojawapo ya dalili kwamba wahenga wao walikuwa wanyama wa pande mbili. Zaidi ya hapo, katika kiinitete chao, yaani mtoto anapoanza kuumbika ndani ya yai, tundu la kwanza huwa njia ya haja na mdomo hufunguka baadaye, kama ilivyo katika ukoo wetu sisi wenye uti wa mgongo. Kwa hiyo jongoo asiye na kichwa cha kuonekana ni ndugu yetu wa karibu kuliko pweza, ambaye hafuati mpango huo ingawa macho yake yanafanana sana na yetu. Mjumbe aliyepiga kura ya kupinga aliniambia kwamba hilo hawezi kulikubali. Namheshimu, lakini viinitete havipigiwi kura.

Wala si mimi niliyeanza mtindo wa kuhukumu ukoo kwa watoto badala ya wazee. Mwaka 1830 mtaalamu wa viumbe John Vaughan Thompson alionyesha kwamba vile vikombe vyeupe vinavyoganda kwenye nguzo za gati na matumbo ya majahazi, vilivyodhaniwa kuwa jamii ya kombe, ni jamii ya kaa na kamba, na alilijua hilo kwa kutazama watoto wao wanaoogelea. Charles Darwin akawachunguza wanyama haohao kwa miaka minane, 1846 hadi 1854. Sijasoma popote kwamba alidaiwa safari ya Mikumi.

Mihadhara mingine nitaitaja kwa ufupi. Tulijadili konokono wa nchi kavu, ambaye kwa kawaida ni huntha, yaani dume na jike kwa pamoja. Nyuki dume, ambaye hutoka katika yai lisilorutubishwa na hivyo hana baba. Na kaa wa nazi wa kisiwa cha Chumbe, ambaye akishakua huzama akitiwa baharini, lakini jike hulazimika kurudi ukingoni mwa maji kuachia mayai, kwa kuwa watoto wake bado huishi maisha ya majini ya wahenga wao. Uliogusa watu zaidi ulikuwa wa pweza jike, anayelinda mayai pasipo kula mpaka yaanguliwe, kisha akafa. Nasema uligusa watu, yaani watu sita.

Hapa sina budi kusema kwa uchungu. Chama kina wanachama 64. Jioni ya jongoo walikuja watano, na mmoja wao alikuwa amefuata mwavuli aliousahau. Ada ya Sh 20,000 wamelipa 23 tu, na baadhi ya wanaolalamikia hadubini hawamo katika hao 23, majina sitayataja. Tulianza mwaka na Sh 1,930,000, ikiwemo Sh 1,650,000 ya mfuko wa safari. Ada zikaleta Sh 460,000. Ukumbi, chai na nauli vikala Sh 610,000. Hadubini, ya mtumba lakini nzima, Sh 1,400,000. Salio ni Sh 380,000. Punguzo la bei nililipata mimi binafsi baada ya siku tatu za kubishana na muuzaji.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijaalia, kufufua safari ya Mikumi, kupata mhadhara juu ya jeni zinazopanga mwili wa nzi wa matunda, ambazo mfano wake umo hata kwa binadamu, na pengine kutafuta wafadhili.

Kufuli limenunuliwa wiki iliyopita. Ufunguo namkabidhi Katibu leo mbele yenu, na atakayeazima hadubini atie sahihi daftarini, ada yake ikiwa imeshalipwa.

Naomba kuwasilisha.