Dawa ya maradhi haya inazidisha yale

Mpendwa Daktari,

Assalaam alaykum. Ninakuandikia kutoka Wete, Pemba, kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume, ambaye ana umri wa miaka 33 na wasiotujua humdhani kuwa ni baba yangu. Wenziwe wa skuli waliporefuka, yeye alibaki na kimo kile kile; mvi zilimjaa kabla hajafika miaka 25, sauti ikawa nyembamba, kisha vikafuata mtoto wa jicho, kisukari na kidonda cha kifundo cha mguu kisichokubali kupona.

Madaktari wa Dar es Salaam wametueleza kuwa hii ni sindromu ya Werner, maradhi ya kuzeeka kabla ya wakati, ambayo daktari wa Ujerumani, Otto Werner, aliieleza mwaka 1904. Mtoto huugua akirithi kasoro ya jeni ya WRN kwa baba na kwa mama pia, na wazee wetu ni watoto wa ndugu wawili. Nashukuru kulijua hili, kwa kuwa limenyamazisha maneno ya uchawi yaliyokuwa yakimuumiza sana mama yetu.

Shida ni kwamba tangu mwaka jana viungo vya mikono yake vinavimba, na vipimo vimeonesha baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe. Aliandikiwa prednisoloni, na maumivu yakapungua hata akaweza kukaa tena na wenzake kuchambua karafuu, jambo lililomrudishia furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake kwa muda mrefu. Lakini sukari imepanda, na dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, huchelewesha vidonda kupona na huharibu macho, yaani mambo yale yale ambayo Werner imekwisha kumletea. Kuiacha ghafla nako tumeonywa kuwa ni hatari. Imetajwa methotreksati badala yake, ila nayo hupunguza nguvu za kinga, naye ana kidonda kilicho wazi na maradhi yanayojulikana kukaribisha saratani.

Je, ni sawa niwaombe daktari wa viungo na wa kisukari wakae pamoja wampangie, badala ya kila mmoja kuandika dawa peke yake? Kidonda kitangulie kutibiwa, au dawa ibadilishwe sasa? Na sisi nduguze tusio na dalili, tunaoweza kuwa tumebeba kasoro hiyo bila kuugua, tupimwe wapi, maana mdogo wetu wa mwisho ameposwa na mtoto wa ami yetu na harusi imepangwa Mfungo Mosi?

Dada mwenye wasiwasi,
Wete, Pemba