Barua kwa mwanangu: omba kitanda cha chini

Mwanangu,

Jana simu ilipokatika nilibaki na neno moja tu kichwani, kitanda cha juu. Mengine uliyosema, ya walimu na ratiba, mama yako ndo amenikumbusha leo. Nakuomba sana mama, nenda kwa matroni leo hii, siyo wiki ijayo, mwambie unahitaji kitanda cha chini. Najua utasema baba kazidi woga, hiyo ngazi unaipanda vizuri tu. Mchana sawa, nakubali. Mi naongelea saa nane usiku, taa zimezimwa, umebanwa na mkojo, bresi, hilo gamba gumu la kuzuia mgongo usizidi kupinda, iko mwilini, usingizi haujaisha na mguu unatafuta ngazi gizani.

Fizio, yule wa mazoezi ya viungo, alikueleza mwenyewe kwa hiyo sirudii yote, ila hili la macho nalirudia manake naona hukulitilia maanani. Mwili unajua umesimamaje kwa vitu vitatu, macho, sikio la ndani, na taarifa zinazotoka kwenye misuli, viungo na nyayo. Watoto wenye skoliosisi, yaani mgongo uliopinda kama wako, wakisimamishwa kwenye ule ubao unaopima jinsi uzito unavyohamahama chini ya miguu, mara nyingi wanayumba zaidi kuliko wenzao, na tofauti inaonekana zaidi wakifumba macho au wakisimama juu ya sponji. Na wewe hivyo hivyo, macho wazi ulisimama kama mlingoti, ulipofumba tu ukamdaka fizio mkono. Sasa giza la bwenini si ndo hilo hilo la kufumba macho? Halafu bresi imekushika kiwiliwili, ukiteleza huwezi kujipinda haraka ukajirudisha.

Sisemi wewe mdhaifu. Cheza mpira wa wavu, kimbia, daktari hajakukataza na mimi sikukatazi, tena siku ile ya mechi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Naongelea kitanda tu.

Na mtu akikuambia jikaze usimame wima, mgongo utanyooka, usimsikilize. Haukupinda kwa sababu ya begi, wala simu, wala kukaa vibaya, kwa watoto wa umri wenu mara nyingi chanzo hakijulikani kabisa. Pingili zenyewe zinapinda huku zinajizungusha, ndo maana ukiinama upande mmoja wa mbavu unanyanyuka. Kuna mtu humu ndani alikuwa na hayo maneno ya simama wima mdomoni mwaka mzima, asubuhi na jioni, mwaka ambao tungekuwa tumeshapiga eksrei. Sijalisahau hilo.

Lingine sikulipenda, ulivyosema bresi unavaa ukipata nafasi. Nafasi gani tena wakati daktari alisema saa 18 kwa siku? Mgongo wako umepinda nyuzi 31 na bado unarefuka, huu ndo wakati wenyewe bresi inafanya kazi, ukishamaliza kukua haina tena msaada huo. Daktari alitueleza ule utafiti wa Marekani na Kanada uliotoka mwaka 2013, waliopewa bresi asilimia 72 walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50, ambazo ndo watu wanaanza kuongelea upasuaji, na waliofuatiliwa tu bila bresi ilikuwa asilimia 48. Waliovaa saa nyingi ndo walifanikiwa zaidi. Nazisoma hizo namba kila nikishindwa kulala. Eksrei mbili mfululizo mgongo wako haukuzidi kupinda hata kidogo na hiyo ni kazi yako wewe, siyo yangu wala ya daktari, nimezihifadhi zote mbili kwenye droo ya juu pamoja na vyeti.

Mazoezi usiache. Kusimama mguu mmoja fanya karibu na ukuta, na yale ya kufumba macho usifanye peke yako kabisa, mwombe rafiki asimame pembeni. Ukiona aibu kumwomba basi fanya ya macho wazi tu mpaka urudi likizo, nitasimama mimi.

Mama yako ameshona fulana nne za kuvaa ndani ya bresi, hazina mshono ubavuni zisikukwaruze, atazituma pamoja na soksi ulizosahau. Ukiona ngozi imekuwa nyekundu na baada ya kuvua wekundu hauondoki, sema mapema, bresi inarekebishwa. Bomba la bafuni linavuja bado, fundi kaahidi mara tatu. Kwenye korido nimeweka kataa kadogo kanakowaka usiku kucha, mama yako anasema namalizia umeme bure wakati mwenyewe haupo, lakini nimekaacha. Wadogo zako wanagombania kitanda chako, nimewaambia hakiguswi.

Ukishaongea na matroni nitumie ujumbe, hata neno moja linatosha. Akikataa nipe namba yake nimpigie mwenyewe, nitaongea naye kwa heshima. Na hiyo ngazi ina vishikio pande zote mbili au upande mmoja? Jana nilitaka kukuuliza simu ikakatika.

Baba yako