Safari ya Ngamba: mabadiliko ya saa

Ndugu wanakikundi, salaam.

Boti ya kwenda kisiwa cha Ngamba, ambacho tangu 1998 kinatunza sokwe waliookolewa, itaondoka Entebbe Jumamosi saa 2:00 asubuhi badala ya saa 4:00, ili tuwahi kukatakata matunda yao.

1. Mchango wa boti ni shilingi 60,000 za Tanzania. Mwisho Jumatano jioni, kwa mweka hazina.
2. Bebeni pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Mwenye mafua, hata yale madogo tunayoyadharau, abaki Entebbe bila kinyongo, kwa kuwa sokwe huambukizwa maradhi yetu ya kifua kwa urahisi na yanaweza kuwaua.

Tafadhali kila mmoja ajibu hapa "nipo" au "sipo" kabla ya kesho usiku, nimpe mwenye boti idadi kamili.