Ile saa ya kasri

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu tu, na kidogo juu ya yule bintimfalme. Ndiyo, umeshinda. Nimekisoma.

Dhumuni la barua hii ni kukuomba radhi. Uliponitumia ule ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja kuhusu riwaya ya mapenzi ya kifalme uliyoipenda, nilicheka. Nikakwambia mtu wa umri wangu hasomi vitabu vyenye gauni na taji kwenye jalada. Ukanijibu, "Dada, kisome kwanza ndipo ucheke." Basi nilikianza Ijumaa nikitoka kazini, kwa nia ya kukitafutia kasoro, na kituo changu cha garimoshi kikanipita. Nilishuka kituo cha tatu mbele, nikakaa kwenye benchi nikamaliza ile sura, ndipo nikatafuta njia ya kurudi.

Kilichoniangusha ni saa. Si ile dansi ya kwanza uliyonisimulia kwa kelele, wala barua iliyofichwa kwenye glavu. Ni saa kubwa ya ukumbini, ambayo kila Alhamisi mwana wa fundi saa huja kuitia ufunguo, na kila Alhamisi anaikuta imechelewa dakika nne. Sura za kijana zinatueleza kwamba anailegeza mwenyewe, makusudi, apate sababu ya kuitwa tena. Halafu tunaingia sura ya bintimfalme, naye usiku anashuka peku kurudisha mishale nyuma, kwa sababu ileile! Wote wawili wanaiharibu saa moja, kila mmoja akidhani ni siri yake peke yake, na kasri zima linachelewa kula. Niliweka kitabu kifuani nikatazama dari. Mwandishi hajataja neno mapenzi hata mara moja mpaka hapo, na sisi tumeshazama.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kwa nini hadithi za namna hii zinatupata, sisi ambao hatutalala kasri hata usiku mmoja. Nadhani taji lenyewe halina uzito wowote. Uzito uko kwenye ruhusa. Watu wengine wakipendana, anayeweza kukasirika ni mjomba. Mrithi wa kiti cha enzi akipenda, wanaoitwa mezani ni mawaziri. Mwandishi hahitaji kubuni kikwazo, sheria imeshamwandalia.

Sasa nijibu swali lako: je, mambo haya hutokea kweli? Hutokea, na mengine yanaishinda riwaya yako. Msome Harald wa Norwei. Alikutana na Sonja Haraldsen, binti wa mfanyabiashara wa nguo, mwaka 1959, wakaoana Agosti 1968. Miaka tisa! Alimwambia baba yake, Mfalme Olav wa Tano, kwamba asiporuhusiwa kumwoa Sonja basi hataoa kabisa. Na hapa ndipo utamu ulipo: Harald alikuwa mwana wa kiume pekee, na wakati huo dada zake hawakuwa na haki ya kurithi kiti. Kijana hakutisha kukimbia wala kunywa sumu. Alitulia tu, akawaacha wapige hesabu wenyewe. Mwaka 1991 akawa mfalme, na Sonja akawa malkia. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo riwaya niitakayo, ile ya miaka tisa ya kusubiri, lakini mhariri gani angekubali?

Wengine walilipa. Edward wa Nane wa Uingereza aliachia kiti Desemba 1936, hajamaliza hata mwaka, ili amwoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyewahi kuachika. Wengi humsimulia yeye kama kilele cha mahaba. Mimi simwonei huruma sana, maana mzigo alimtupia mdogo wake. (Wewe pia ni mdogo wa mtu, zingatia hilo.) Anayenigusa zaidi ni Mako, binti wa ukoo wa kifalme wa Japani. Uchumba wake ulitangazwa mwaka 2017, harusi ikaahirishwa, na alipoolewa Oktoba 2021 alipoteza hadhi yake ya kifalme, kwa kuwa sheria ya kule humtoa ukooni binti anayeolewa na raia wa kawaida. Wanaume haiwagusi: babu yake Akihito alimwoa Michiko, raia wa kawaida, mwaka 1959, akabaki mrithi na baadaye akawa mfalme mkuu. Mako alikataa hata fedha ambazo serikali humpa binti anayeondoka ukooni. Mwandishi wetu angempa dansi ya mwisho. Yeye alijaza fomu.

Na hapo ndipo ugomvi wangu na kitabu chako ulipo. Mwisho ule, mdogo wangu! Sheria ya miaka mia tatu inayowazuia inafutwa katika ukurasa mmoja kwa sababu mfalme mzee amelia. Hapana. Uswidi ilipobadilisha sheria ili mtoto wa kwanza arithi hata akiwa msichana, ilikuwa kazi ya bunge, na ilipoanza kutumika mwaka 1980 mfalme mwenyewe hakufurahia, kwa kuwa mwanawe mdogo wa kiume alikuwa ameshakuwa mrithi tangu azaliwe miezi saba nyuma. Victoria, dada wa mtoto huyo, akachukua nafasi hiyo akiwa na miaka miwili. Miaka thelathini baadaye akaolewa na aliyekuwa mwalimu wake wa mazoezi. Unaona? Kwanza karatasi, kisha harusi.

Yule mchumba wa kutoka nchi jirani naye ameonewa. Kumfanya mjinga na mlafi ni uvivu. Angekuwa mwema na mcheshi, bintimfalme angelazimika kuchagua kwelikweli, na mimi nisingelala siku mbili badala ya moja.

Lakini nimekirudia kile kitabu, sura za saa peke yake, mara tatu. Nakala yangu naiposti kwako kesho. Pembeni nimeandika kwa penseli, na ukurasa wenye alama mbili za mshangao usimwonyeshe mama, ataanza kuniuliza maswali ambayo hayahusu vitabu.

Juzuu ya pili nimeshaiagiza. Usiniambie lolote. Kama huwezi kabisa kujizuia, niambie tu iwapo ile saa inatengemaa.

Au hapana, usiniambie.

Ni mimi dada yako,
niliyepitwa na kituo