Zuhura, lile tanuri la mjomba bado linawashwa?

Shoga yangu Zuhura,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mama mguu umepoa? Mie mzima. Najua nimekaa kimya toka Idi, hata simu zako sikupokea, nisamehe sana, tuisheni ya fomu siksi imenibana mpaka usingizi sina.

Sasa sikia kilichonikuta. Wiki ile niliwaambia wanafunzi riaksheni inayofyonza joto haiendi yenyewe. Mdogo wake Salma akaniuliza, mbona mbolea ya urea ukiitia majini inayeyuka bila moto na ndoo inakuwa baridi? Nikanyamaza. Usiku sikulala, maana kasema kweli! Enthalpi, yaani joto linaloingia au kutoka, peke yake haiamui, lazima utazame na entropi, ule mtawanyiko wa chembe, na urea ikitawanyika majini entropi inapanda mpaka inalipia lile joto lililofyonzwa.

Jumatatu nikawaambia nilikosea, tukaanza upya na chokaa, ile inayopatikana kwa kuchoma jiwe la matumbawe. Jiwe la matumbawe ni kalsiamu kaboneti, kulivunja kunataka kilojouli 178 kwa moli, ila gesi ya kabonidayoksaidi ikitoka entropi inapanda jouli 160 hivi kwa kila kelvini. Chukua enthalpi, utoe halijoto mara entropi. Kwenye kelvini 298, yaani nyuzi 25 za chumbani, unabaki na kilojouli 130 chanya, na jibu likiwa chanya haiendi yenyewe, ndo maana kuta za Mji Mkongwe zimesimama hazijageuka unga. Inafika sifuri kwenye kelvini 1,112 hivi, yaani kama nyuzi 840, ukipita hapo jibu ni hasi, jiwe linaachia gesi. Halafu wengi wanasahau kugeuza jouli kuwa kilojouli, wanatoa 47,680 (298 mara 160) kwenye 178, wanapata hasi kubwa, eti jiwe linavunjika juu ya meza! Inaniuma, zile ni alama za bure na mtihani ni Mei.

Ndo nikamkumbuka Mjomba Haji na tanuri lake la chokaa, mpe shikamoo yangu. Nataka niwalete Jumamosi waone kwa macho, namba za ubaoni haziwaingii kama moto wenyewe. Bado anachoma? Anajuaje jiwe limeiva? Yale matundu ya upepo anayaacha makusudi? Maana upepo ukiichukua ile gesi jiwe linaachia hata kabla ya hizo nyuzi 840, natamani awaeleze yeye. Atakubali watoto kumi na wawili? Na wewe utakuwepo?

Wako,
Mwanaisha